Boti ya Faiba Imepauka: Uipolishi au Uipake Rangi? Mwongozo Kamili

Boti ya faiba ikipauka, fundi wa kwanza atakayepita atakwambia ipakwe rangi. Hana nia mbaya. Rangi ndiyo kazi yake. Lakini boti nyingi zinazopakwa rangi kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hazikuwa zimefikia hapo. Zilihitaji msasa wa maji, kompaundi (dawa nzito ya kusugulia uso mpaka ung'ae), nta na mtu mwenye subira. Na boti ikishapakwa rangi mara ya kwanza hakuna kurudi nyuma: rangi itachubuka, itapauka nayo, na kila baada ya miaka kadhaa utaipaka upya. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo moja, hakikisha uso wa asili umekufa kweli.

Uso huo wa asili ni jelikoti. Ni resini (gundi ya plastiki inayoganda) ya polyesta iliyotiwa rangi, hupuliziwa ndani ya kalibu kabla ya mikeka ya nyuzi za kioo kutandazwa. Boti hujengwa mgongoni mwake, ndiyo maana imeshikamana na faiba kuliko rangi yoyote utakayoipaka baadaye. Unene wake kwa kawaida ni nusu milimita hivi. Tabaka tatu za rangi nzuri ya dukani zikishakauka ni kama robo ya hapo. Una akiba kubwa zaidi kwenye jelikoti kuliko kwenye rangi.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Zanzibar nyuzi 6. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na maji pamoja na mchanga mweupe hurudisha mwanga juu kwenye mbavu za boti. Miale hiyo huvunja resini ya juu kabisa, chembe za rangi hubaki bila cha kuzishika, na ndipo unapopitisha kidole kikatoka na unga. Lakini kilichoharibika ni ngozi nyembamba mno. Chini yake jelikoti mara nyingi ni nzima.

Hatua ya kwanza: kuchunguza

Osha boti kwa sabuni laini na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iache ikauke, kisha ijue historia yake. Je, kilicho juu ni jelikoti au rangi ya zamani? Chukua kitambaa cheupe chenye asetoni, usugue sehemu ndogo ambayo umeshaiondolea unga. Rangi ya mafuta, au yoyote isiyo na hadna (dawa ya kugandisha inayochanganywa kabla ya kupaka), italainika na kutia kitambaa doa. Jelikoti na rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadna, hazitaguswa. Kisha tafuta mahali palipochubuka, karibu na pua au ukingo wa nyuma, uangalie mkato: jelikoti huonekana nene na rangi moja mpaka kwenye faiba, rangi huonekana kama ganda jembamba juu ya kitu kingine.

Kama ni jelikoti, fanya jaribio kwenye upande ulioungua zaidi na jua, mraba wa sentimita 30. Ondoa nta na mafuta kwa thina ya kusafishia, piga msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, kisha kompaundi, kisha nta. Iache juani wiki mbili. Ikibaki na mng'ao, boti yako ni ya kupolishiwa. Iking'aa siku hiyo tu na kupauka tena upesi, jelikoti imechoka na unaweza kuanza kufikiria rangi. Na kama wakati wa kusugua umeanza kuona vivuli vyeusi au mpangilio wa nyuzi, acha palepale. Jelikoti imekwisha hapo na kusugua zaidi ni kuila faiba yenyewe.

Angalia pia nyufa. Nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui karibu na vyuma vya kufungia kamba, nguzo za turubai au kona za sitaha maana yake faiba iliyo chini inacheza. Usizifiche kwa rangi. Zitarudi kabla ya msimu kwisha. Kwanza imarisha nyuma yake. Gonga mbavu kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni mzima, mlio wa kitu kitupu au kilicholowa ni tabaka zilizoachana, na hapo suala si la urembo tena.

Chini ya mstari wa maji tafuta malengelenge. Toboa moja ukiwa umevaa miwani, kwa sababu maji ya ndani hutoka kwa shinikizo. Yakinuka kama siki na kunata vidoleni, maji yamepenya jelikoti na kuyeyusha kemikali zilizobaki ndani ya polyesta. Ugonjwa huu hushika kasi zaidi kwenye maji baridi kuliko ya chumvi, hivyo wenye boti za faiba Ziwa Victoria waangalie kwa makini kuliko sisi wa pwani.

Hatua ya pili: kuchagua

Kama jelikoti iko hai, chaguo ni moja tu kwa maoni yangu: ipolishi na uitunze. Ni rahisi, haiongezi uzito, na ukikosea mahali unarudia.

Kama imekufa, watu wengi hufikiria kuweka jelikoti mpya. Inawezekana, lakini ni kazi ngumu nje ya kalibu. Ikipuliziwa kwa nje hutoka na uso wa vibonyebonye kama ganda la chungwa, na lazima uinyooshe yote kwa msasa, kuanzia namba 320 mpaka 1500, mita baada ya mita. Kwa boti ndogo au kipande kilichotengenezwa ni sawa. Kwa boti nzima ya mita nane, sioni faida yake.

Inabaki rangi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rangi ya mafuta ya kopo moja hupauka haraka juani na haina ugumu. Hata hivyo usiidharau. Boti ya uvuvi inayoburutwa mchangani kila siku, inayopigwa na nanga na ndoo, itachubuka hata ukiipaka rangi ya bei gani. Kwa boti hiyo, rangi nyepesi kurudiwa kila mwaka na kijana mwenye brashi ni busara kuliko rangi ya gharama isiyoweza kuzibwa viraka.

Boti ya wageni, ya kuzamia au ya familia inastahili 2K, yaani poliuretani yenye hadna. Ziko za aina mbili na muuzaji hatakwambia tofauti usipouliza. Ya kwanza ni ngumu sana na ina mng'ao mkali, Awlgrip ndiyo mfano mashuhuri, lakini haitakiwi kusuguliwa kwa kompaundi baadaye. Ukiisugua unaondoa ngozi yake ya juu na ndiyo inayoilinda. Ya pili ni ya akriliki, kama Awlcraft 2000. Ni laini kidogo, lakini mkwaruzo unaweza kupigwa msasa mwembamba na kupolishiwa, na kiraka hakionekani sana. Kwa boti zinazogusana na gati kila siku ningechukua ya akriliki bila kufikiri mara mbili. Na 2K ya magari? Juu ya mstari wa maji, ikiwa na praima (rangi ya msingi) ya epoksi chini yake, inafanya kazi vizuri tu. Usiishushe majini. Rangi za aina hii, hata zile za boti, nyingi hazikutengenezwa kukaa ndani ya maji muda wote. Hutoa malengelenge na kubanduka.

Kuhusu rangi yenyewe kama rangi: nyeupe, au kitu kinachokaribia nyeupe. Bluu iliyokoza inapendeza kwenye picha, lakini chini ya jua la saa saba hupata moto kiasi cha kuifanya resini iendelee kujikaza, na baada ya muda mchoro wa mikeka hujitokeza ubavuni. Mwenye hamu ya rangi aweke mstari mmoja chini ya ukingo.

Hatua ya tatu, kama unapolishi

Anza na madoa. Kutu inayochuruzika kutoka kwenye skrubu na ile rangi ya kahawia inayoshika puani huondoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini. Vaa glavu, paka, subiri dakika kadhaa, suuza kwa maji mengi. Kompaundi haitoi kutu iliyoingia, itakuchosha bure.

Kisha ondoa nta ya zamani kwa vitambaa viwili: kimoja chenye thina kinalainisha, cha pili kikavu kinafuta kabla thina haijakauka. Ukitumia kimoja unaitandaza nta tu. Baada ya hapo, msasa wa maji ukihitajika tu. Kama unga ni mwepesi, nenda moja kwa moja kwenye kompaundi. Kama umezidi, anza na 1000, au 800 kwa mahali pabaya sana, kisha 1500. Weka tone la sabuni kwenye ndoo na badilisha maji mara kwa mara, kwa kuwa punje moja ya mchanga wa pwani kwenye sponji itachora mistari utakayoitafuta kutwa nzima.

Mashine ya polishi iende taratibu, mizunguko 1000 hadi 1500 kwa dakika, na pedi ya sufi. Fanya kivulini, eneo la nusu mita kwa nusu mita, bila kusimama mahali pamoja, kwa sababu joto huunguza jelikoti. Kwenye kona na migongo ya ukingo weka mashine pembeni utumie mkono. Hapo jelikoti ni nyembamba kuliko kwingine na ndipo wengi hutoboa. Ukimaliza, rudia kwa polishi laini na pedi ya sponji, kisha nta mara mbili. Nta ya karnauba ina mng'ao mzuri lakini kwenye joto letu haikai muda mrefu. Ya kisasa yenye polima hudumu zaidi. Iwe ipi, usitegemee izidi miezi mitatu kwenye boti inayolala juani. Jaribio ni rahisi: mwagia maji. Yakijikusanya matone, nta ipo. Yakitambaa kama shuka, imekwisha.

Hatua ya tatu, kama unapaka rangi

Chagua msimu kwanza. Masika ya Machi hadi Mei yaache. Baada ya mvua, kuanzia Julai, hewa ni ya baridi kidogo na kazi ya rangi inakwenda vizuri, ila upepo wa kusi huleta mchanga na chumvi, hivyo unahitaji banda au angalau ukuta wa turubai. Januari na Februari ni kukavu lakini joto linakausha rangi kabla haijajinyoosha. Tumia thina ya polepole na anza mapema asubuhi.

Unyevu ndio adui mkubwa wa pwani. Uso wa boti unatakiwa uwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya lile ambalo umande huanza kushika, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kama huna kipimo, pangusa sehemu kwa kitambaa kibichi: isipokauka ndani ya robo saa, siku bado haijafika. Subiri umande wa usiku uondoke kabisa, na tabaka la mwisho la siku likamilike saa nane au saa tisa mchana. Umande ukiikuta rangi mbichi, asubuhi utaikuta imefifia kama imepakwa maziwa.

Ondoa nta kwa vitambaa viwili kabla ya msasa, si baada yake. Hili si suala la mapendeleo. Msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itakayokaa juu yake itaacha mashimo madogo kama macho ya samaki. Boti mpya pia inahitaji hatua hii, kwa sababu bado ina nta ya kalibu.

Ziba mashimo kwa filla ya epoksi. Filla ya magari hunyonya maji, iache gereji. Epoksi ikikauka, mara nyingi hutoa utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji na pedi ya kusugulia kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka linalofuata halitashika. Msasa wa boti nzima uwe 120 hadi 180, upake praima ya epoksi mara mbili, kisha uinyooshe kwa 320. Usiku mmoja washa tochi uielekeze pembeni mwa ubavu: kila wimbi utakaloliona hapo litaonekana mara kumi kwenye rangi yenye mng'ao.

Kupulizia kunaleta uso mzuri, lakini hadna ya 2K ina isosaianati. Ikipuliziwa hewani inaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na akishaathirika, hata kiasi kidogo baadaye huiamsha tena pumu hiyo. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kazi hiyo inataka kofia yenye hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje, na karakana nyingi hazina. Kwa hiyo napendekeza rola na brashi, kwa watu wawili, huku mmevaa barakoa ya chujio za mvuke, glavu na nguo ya mikono mirefu. Mmoja anapaka kwa rola ndogo ya sponji isiyoyeyuka kwa thina, tabaka jembamba, upana wa nusu mita kutoka juu hadi chini. Wa pili anamfuata palepale na brashi laini isiyo na rangi, akigusa uso kwa ncha tu ili kuvunja mapovu. Msirudi nyuma. Mkiona kasoro, iacheni. Tabaka lijalo litaishughulikia. Mtu anayerudi kugusa mahali palipoanza kukauka ndiye anayeharibu ubavu mzima.

Changanya kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa jicho. Kwenye joto letu mchanganyiko hufa upesi ndani ya ndoo. Tabaka mbili hadi tatu zinatosha. Ukipitwa na muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo, piga msasa 320 au 400 kabla ya kuendelea.

Chini ya mstari wa maji

Boti inayopandishwa pwani kila jioni haihitaji rangi ya kuzuia viumbe. Inayolala majini inaihitaji sana: kwenye maji ya vuguvugu kama yetu, ute huanza ndani ya siku chache, kisha majani, kisha vile viumbe wenye magamba makali yanayokata vidole. Wazee walikuwa wanapaka majahazi deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na kurudia kila yanapopandishwa pwani. Sisi tunatumia antifaulingi, yaani hiyo rangi ya kuzuia viumbe, na nyingi zina shaba.

Ziko za aina mbili. Antifaulingi ngumu huvumilia mwendo wa kasi na kusuguliwa, ila hupoteza nguvu boti ikikaa nchi kavu kwa muda. Ile inayojimenya huisha taratibu kadiri boti inavyotembea na kubaki hai mpaka tabaka la mwisho. Kwa boti inayotoka mara kwa mara ningechukua ya pili. Hila nzuri: tabaka la kwanza liwe rangi tofauti, mfano nyekundu chini ya bluu. Nyekundu ikianza kuchungulia, umejua muda umefika.

Antifaulingi ya shaba isiguse alumini ya mguu wa injini, italiwa. Acha nafasi na tumia ile iliyotengenezwa kwa alumini. Ukiuziwa kopo la zamani lisilo na lebo, likatae: rangi zenye bati la kikaboni zilipigwa marufuku kimataifa kwa mkataba uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008, kwa sababu ya madhara yake kwa konokono na chaza. Kwenye maziwa ambako watu huchota maji ya kunywa, sioni sababu ya kuweka shaba. Praima ya epoksi na kusugua mara kwa mara kunatosha.

Tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa na Unguja wakati wa bamvua hufika karibu mita 4, na watu huitumia kupweleza boti mchangani badala ya kulipia kupandishwa yadi. Ni sahihi kwa kusugua, kukagua na kuziba kiraka cha antifaulingi inayokauka haraka. Si sahihi kwa epoksi wala kazi ya malengelenge, ambayo inataka wiki nyingi za kukausha kabla ya tabaka za kinga. Na usikwangue antifaulingi kavu ufukweni. Vumbi lake ni sumu kwako na kwa matumbawe, na mahali kama Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari, huna udhuru wowote. Tumia msasa wa maji, tandika turubai, kusanya uchafu.

Utunzaji wa kila siku

Suuza kwa maji baridi kila unaporudi. Hapa pana mtego: visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukiyaacha yakauke unabadilisha chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo, au futa kwa kitambaa kabla hayajakauka. Sabuni ya unga na dawa ya madoa ya nguo zinakula nta. Tumia sabuni ya kuoshea magari. Matairi yanayoning'inizwa kama kinga huacha madoa meusi yasiyotoka, yavishe kitambaa kinene. Turubai liwe la rangi nyepesi na lisiguse ubavu, maana likipigwa na upepo linakwangua kama msasa.

Usitie nta kwenye sitaha. Nimeona boti zinazong'aa mpaka mahali pa kukanyagia, na abiria wanaoteleza na miguu yenye maji. Hapo weka rangi isiyong'aa iliyochanganywa na chembe za kuzuia kuteleza. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie.

Mchubuko mdogo wa jelikoti uzibe mapema, kabla maji hayajaingia kwenye faiba. Panua ukingo wake kidogo, usafishe kwa asetoni, uchanganye jelikoti na hadna asilimia 1 hadi 2. Kwenye joto kali elekea 1. Hadna hiyo inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani hata kwa tone moja. Jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiguswa na hewa, funika kiraka kwa nailoni na tepu. Kama mahali hapo palishazibwa kwa epoksi, jelikoti haitashika vizuri, tumia rangi. Ikikauka, bandua nailoni, nyoosha kwa 400, 800 na 1500 juu ya kipande cha mbao ili usichimbe pembeni, kompaundi, nta.